Paka, Wageni Wake na Meza Yetu ya Jalidi

Mmeniomba niwaandikie habari za kazi, nyinyi niliowaachia meza, na nimechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu nakumbuka kitu ambacho huenda sikukikagua. Nimestaafu majuzi tu na bado naamka usiku nikijiuliza kama gundi imekauka na kama kuna karatasi iliyowekwa kichwa chini. Mume wangu anasema huo ni ugonjwa. Mimi nasema ni ujuzi. Mtu wa kujalidi vitabu asiye na wasiwasi ni hasara kwa kiwanda, na nitawaeleza jinsi nilivyolijua hilo.

Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi mwaka uliofuata uhuru. Nilikuwa nimetoka Bunyore kuja kwa dada yangu aliyepanga chumba Kangemi, wakati Kangemi ilikuwa bado na migomba mingi kuliko mabati. Asubuhi tulitembea kwenda mjini kundi zima la watu wa kwetu Magharibi, tukipita Westlands na kushuka hadi mtoni, viatu mkononi siku za matope. Wenzangu walipiga hadithi njia nzima na kucheka. Mimi nilikuwa nawaza mambo yanayoweza kuharibika kabla ya saa nne.

Kiwanda chetu kilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya River Road. Chini zilikaa mashine za kuchapa, juu tulikaa sisi wa jalidi. Sakafu ilikuwa ya mbao, na mashine zikianza kunguruma, sakafu ilitetemeka mpaka vikombe vikatembea mezani. Siku ya kwanza nilidhani jengo linaanguka. Nikakimbilia mlango nikaushika. Mama mmoja mnene, amejifunga kitambaa cha kijani kichwani na miwani yake imeunganishwa kwa uzi wa kushonea vitabu, akaniangalia kutoka mwisho wa meza.

"Wewe msichana, unaogopa hiyo kelele?" akasema. "Hiyo ni kazi. Ikinyamaza ndio uogope. Kuja hapa nikuonyeshe kitu."

Huyo ndiye Mama Rispa, mkuu wa meza ya jalidi, mtu wa Kakamega, na kila ninachokijua katika kazi hii nilikitoa kwake. Alinipa kipande cha mfupa wa ng'ombe kilicholainishwa kama sabuni iliyotumika. Ndicho kifaa chetu cha kukunjia karatasi: unaikunja kwa mkono, kisha unapitisha mfupa mara moja kwenye kunjo, bila kurudia. Ukirudia, karatasi inang'aa pale na mnunuzi ataona. Nilirudia kwa miezi mingi, maana sikuamini kwamba mara moja inatosha. Mama Rispa hakunigombeza. Alichukua tu zile nilizong'arisha, akanipa nifungie chakula changu cha mchana, mpaka nikachoka kula viazi nikitazama makosa yangu.

Nyinyi mliozoea mashine inayofanya yote, niwaeleze kidogo. Karatasi ilikuja kutoka chini ikiwa imechapwa, tukaikunja, na kila karatasi iliyokunjwa tuliiita mkunjo. Mikunjo ilipangwa mafungu mafungu kuzunguka meza ndefu. Tulizunguka meza hiyo mmoja nyuma ya mwingine, tukichukua mkunjo mmoja kutoka kila fungu, hadi ukifika mwisho una kitabu kizima mkononi. Kisha kilipigwa waya ubavuni, kikabandikwa jalada kwa gundi, kikapelekwa kwenye kisu kikubwa kikakatwa pande tatu. Kikishakatwa, basi. Kurudi nyuma hakuna. Ukiung'oa waya, karatasi zinachanika, na kilichokatwa hakirefuki tena.

Ndiyo maana Mama Rispa alikuwa na desturi yake. Tukizunguka, kila mmoja alisoma kwa sauti neno la mwisho la mkunjo aliochukua na neno la kwanza la mkunjo unaofuata. Kama maneno hayakushikana, tulisimama. Mgeni akiingia chumbani kwetu alidhani ni kanisa: wanawake wanazunguka meza wakinong'ona "na hapo ndipo", "alipofika", "mbuzi wote". Wengi wetu hatukuwa tumesoma sana, lakini sikio lilijua sentensi iliyovunjika. Mimi niliipenda desturi hiyo kuliko yote, kwa kuwa ilinipa kitu cha kushika.

Hata hivyo tuliteleza. Kulikuwa na kitabu cha hesabu, na katika hesabu hakuna sentensi, na namba za kurasa zilijificha kati ya namba nyingine. Tulikipanga hivi kwamba majibu yalitangulia maswali. Walimu walikirudisha chote, na nasikia wanafunzi peke yao ndio waliosikitika. Sisi tulicheka, ila siku mbili tu, mpaka mwenye kiwanda alipopanda ngazi, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na kusema mbele yetu sote kwamba kazi nyingine ikirudishwa kwa kosa la mpangilio, mkuu wa meza ataenda nyumbani siku hiyo hiyo. Kisha akashuka.

Hapo ni lazima mjue kwamba Mama Rispa hakuwa na nyumbani pa kwenda. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji zake walikuwa wamelima mpaka mlangoni kwake hadi hakukuwa na mlango. Alikaa Kawangware na wajukuu wawili walioachwa na binti yake. Baada ya mwenye kiwanda kuondoka, alifuta miwani yake muda mrefu. "Sasa mimi nikitoka hapa naenda wapi?" akasema, si kwetu, akisema tu. Tangu siku hiyo wasiwasi wangu ulipata jina. Kila nilipochukua mkunjo nilimwona yeye na wale watoto wawili barabarani na mkeka wao.

Sasa ndipo nafika kwenye kitabu cha paka.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Asubuhi moja alikuja mwanamke mwembamba, mrefu, aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka, na mkononi amebeba sanduku bapa. Aliitwa Mwalimu Nyambura, mtu wa Kabete, na alifundisha watoto wadogo katika ukumbi wa kanisa huko kwetu Kangemi. Meneja wetu, Bwana Kimeu, alimpandisha juu kwetu kwa sababu meza kubwa ilikuwa yetu. Akafungua sanduku, akatandaza michoro ya rangi.

Ilikuwa hadithi ya paka wa nyumbani, paka mkubwa wa rangi ya majivu, amelala peke yake kwenye nyumba yenye sakafu nyekundu. Nje mvua kubwa. Chini ya mlango wanaingia wageni: familia ya panya wa shambani, wadogo sana, mama mbele, watoto nyuma, kila mmoja na kifurushi kichwani. Shimo lao limejaa maji. Ukurasa baada ya ukurasa unajiuliza paka atawafanya nini hao wageni. Michoro ilikuwa hai kiasi kwamba nilishika shingo yangu mwenyewe.

"Nzuri sana, mwalimu," Bwana Kimeu akasema. "Sasa maneno iko wapi?"

"Hakuna maneno."

"Utaleta baadaye."

"Hapana. Hakuna. Darasani kwangu kuna mtoto anaongea Kikuyu, mwingine Kiluhya, mwingine Kijaluo, mwingine haongei na mtu. Nikiweka maneno, ni ya nani? Nataka kila mtoto aseme yake."

Bwana Kimeu alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na mwenye kiwanda juu ya kichwa chake kama sisi sote. "Basi angalau namba za kurasa. Hao kina mama watapanga na nini?"

"Mtoto akiona namba anaanza kuhesabu, anaacha kuangalia," Mwalimu akasema. "Nitawatengenezea sampuli. Wafuate sampuli."

Nilimtazama Mama Rispa. Alikuwa anatabasamu, maana alikuwa amewapenda wale panya. Mimi nilikuwa nawaza ile desturi yetu ya kunong'ona. Kitabu kisicho na neno la mwisho wala neno la kwanza! Tutasoma nini tukizunguka? Nilimnong'oneza, "Mama, hii itatumaliza." Akanijibu, "Wewe hata chai inakutisha ikiwa moto. Tulia."

Kuchapa kulikwenda vizuri. Mutisya wa mashine, Mkamba mmoja mpole aliyependa rangi kuliko watu, alifanya kazi na sampuli ya Mwalimu pembeni yake, akatuletea karatasi nyekundu na kijivu zinazopendeza kuziona. Sampuli yenyewe akampa Mama Rispa mkononi. Ilikuwa kijitabu alichokishona Mwalimu mwenyewe kwa uzi wa nguo, na uzi wa nguo haukutengenezwa kwa vitabu. Mama Rispa alipokifungua pale mezani, ulikatika. Mikunjo minane ikatawanyika sakafuni, mingine chini ya benchi.

Mimi nilisema tumwite Mwalimu. Nilisema hivyo mara moja na nikasema tena. Lakini Mwalimu alikuwa Kangemi, simu ya kanisa ilikuwa na kufuli, na kisu kilikuwa kimepangiwa kazi nyingine kesho yake.

"Mambo gani ya kumwita mtu wakati hadithi iko hapa inaonekana?" Mama Rispa akasema. Akaikusanya, akaipanga mezani mbele yetu, akitusimulia. "Huyu paka amelala. Sindio? Mvua inanyesha. Hawa wanakuja. Wanaingia. Sasa wanapewa maziwa, ona, kwenye kifuniko ya soda. Wamekunywa. Sasa paka anawauliza, anaangalia mizigo yao, anataka kujua wametoka wapi. Sasa wanalala. Asubuhi jua. Wanaenda. Paka anabaki kwa dirisha. Imeisha. Iko shida gani?"

Hapakuwa na shida. Sote mezani tulikuwa watu wa Magharibi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro. Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala. Hata akija na habari ya kifo, unampa kiti, unachochea moto, anakula, ndipo unasema haya, tuambie. Mtoto anayemwuliza mgeni maswali kabla ya chakula anapigwa kofi la kichwa na bibi yake. Kwa hiyo mkunjo wa maziwa ukatangulia, na mkunjo wa mizigo ukafuata, ambapo paka ameinama juu ya vifurushi vilivyofunguliwa, jicho moja limejaa ukurasa mzima. Tuliliona kuwa jicho la mwenyeji mdadisi.

Tukazunguka meza. Kwa kuwa hapakuwa na maneno ya kunong'ona, kila mwanamke alisema hadithi kwa lugha ya kwao: mkunjo wa kwanza analala, wa pili wanaingia, wa tatu wanakula, wa nne wanaulizwa. Chumba kilijaa vicheko. Hata mimi nilisahau kuogopa kwa nusu siku, na hilo lingepaswa kunishtua. Tukapiga waya, tukabandika majalada, kisu kikakata. Vitabu vikapangwa ukutani hadi kufika dirishani, vizuri kuliko kazi yoyote tuliyowahi kufanya.

Mwalimu alikuwa aje kesho yake asubuhi kukagua na kupokea. Jioni, tukifagia, Mutisya alipanda juu kuomba nakala moja iliyoharibika jalada ampelekee binti yake. Akasimama pale mlangoni akiifungua. Akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaenda mbele, akarudi tena.

"Mama Rispa," akasema polepole, "hii imekaaje? Hapa wanakunywa maziwa."

"Ndio, wamekaribishwa."

"Lakini kwa sampuli walisimama kwanza. Paka alipekua mizigo kwanza. Maziwa ni baadaye. Ona hapa kwa mizigo, bado wanatiririka maji. Na hapa kwa maziwa wamekauka. Sasa walikunywa, halafu wakalowa tena ndani ya nyumba?"

Yale matone tulikuwa tumeyaona. Tulidhani ni jasho la shibe.

Ufagio ulinidondoka. Nikakaa juu ya furushi la karatasi. Mama Rispa alichukua kile kitabu, akakisogeza karibu na miwani, akakifungua palepale. Mutisya akaanza kuomba msamaha kana kwamba kosa lilikuwa lake, na wenzangu wakaanza kusema wote kwa pamoja: tung'oe waya, tuchape upya, tuseme ndivyo sampuli ilivyokuja. Waya usingeng'oka bila kuchana, karatasi ile nzito ilikuwa imekwisha ghalani, na la tatu Mama Rispa alilikata.

"Hakuna kusema uongo hapa. Mimi ndio nilipanga."

Akavua aproni, akashuka ofisini peke yake. Aliporudi uso wake ulikuwa umetulia, na hilo liliniumiza zaidi kuliko kama angelia. Bwana Kimeu alikuwa amemwambia kwamba yeye hawezi kulificha kosa, kwamba uamuzi ni wa Mwalimu. Akikubali vitabu, vitaenda. Akikataa, mwenye kiwanda atajua kabla ya saa sita, na neno lake tunalijua.

Kesho yake nilifika mapema nikakuta Mama Rispa amenitangulia. Alikuwa ameweka vitu vyake kwenye kikapu: mfupa wake, mkasi, kitambaa cha kufutia gundi. Nilitaka kumwambia avitoe, nikaishia kulisugua birika la gundi. Kila hatua iliyopanda ngazi niliichungulia. Alikuja fundi wa umeme. Alikuja mtu aliyepotea akitafuta fundi cherehani. Ndipo akaja Mwalimu Nyambura, na lile koti lake la mvua, amechangamka kama mtu anayekuja kuona mtoto mchanga, na nyuma yake Bwana Kimeu ameshika karatasi ya kupokelea na kalamu.

Mama Rispa hakumngoja meneja aanze. "Mwalimu, kabla hujafungua. Sampuli ilikatika uzi. Mimi nilipanga upya na nimekosea. Fungua uone."

Mwalimu alifungua. Paka amelala. Mvua. Wageni wanaingia. Alipofika kwenye maziwa mkono wake ulisimama. Akafungua ukurasa uliofuata, lile jicho kubwa na vifurushi, akarudi kwenye maziwa. Mashine chini zilikuwa zinanguruma lakini mimi nilisikia karatasi tu.

"Kwa nini wamekula kwanza?" akauliza. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Walikuwa wamelowa," Mama Rispa akasema. "Watoto wale wamelowa, wana njaa. Mimi ningewauliza nini hapo?"

Mwalimu alikaa kwenye benchi, kitabu kikiwa wazi magotini. "Sisi tuliulizwa kwanza," akasema. "Mama yangu mbele, sisi nyuma, mvua inanyesha juu yetu. Mwenye nyumba alifungua vifurushi vyetu kimoja kimoja pale mlangoni. Nilikuwa mdogo kuliko watoto ninaowafundisha."

Hakueleza ni lini, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtu yeyote wa umri wake kutoka upande wa Kabete alikuwa amepitia Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, nyumba zikichomwa, watu wakihamishwa, na kila mlango ukimwogopa anayebisha. Nilitazama lile jicho kubwa la paka ambalo nilikuwa nikilichekea tukizunguka meza, na nikaona halikuwa la mwenyeji mdadisi hata kidogo. Lilikuwa la mtu anayepekua. Nikaelewa kwamba hatukuwa tumekosea mpangilio wa kitabu tu. Tulikuwa tumemfutia huyu mwanamke jambo lililompata. Nikaona wazi kabisa kwamba atakataa, na kwamba ana haki, na nilimwonea huruma yeye na Mama Rispa kwa wakati mmoja hadi nikashindwa kujua pa kutazama.

Bwana Kimeu alikohoa. Akasogeza ile karatasi. "Pole sana, mwalimu. Pole kweli. Lakini ni lazima niulize, maana wakubwa wanangoja. Unakubali hii kazi ama unakataa?"

Mwalimu alifungua mdomo.

"Bwana meneja, ngoja," Mama Rispa akasema.

"Mama, tafadhali, usi..."

"Nimesema ngoja. Huyu ametoka Kabete asubuhi na hii baridi, na mimi nimemsimamisha hapa na mambo ya vitabu. Hajatia kitu mdomoni."

Nilidhani amerukwa na akili. Maisha yake yalikuwa kwenye ncha ya kalamu ile, na yeye alikuwa anainamia kikapu chake, anaweka mfupa na mkasi kando, anatoa chupa ya chai na nduma za kuchemsha zilizofungwa kwa kitambaa, chakula chake cha mchana chote. Akamwagia Mwalimu maji mikononi kutoka kwenye birika letu la gundi, safi, msiwe na wasiwasi, mimi mwenyewe nilikuwa nimelisugua. Akammiminia chai kwenye kikombe cha bati. Akamenya nduma, akamwekea kwenye kitambaa magotini, akisogeza kitabu pembeni ili kisipate madoa.

Mwalimu alikitazama kile chakula. Kisha akala. Alikula polepole mwanzoni, halafu kwa njaa ya kweli, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyajali, yakidondokea kwenye lile koti. Mama Rispa alisimama karibu, mikono tumboni, kama anavyosimama mwenye nyumba kuangalia kama mgeni ataongezwa.

Bwana Kimeu alivumilia alivyoweza. "Kwa hivyo, mwalimu," akasema, kalamu imenyooshwa, "niandike nini?"

"Usiniulize sasa, bwana meneja," Mwalimu akasema, mdomo umejaa. "Bado nakula."

Alisema hivyo, kisha akasikia mwenyewe alichosema. Akashusha kile kipande cha nduma. Akatazama ule ukurasa wa maziwa uliokuwa wazi kando yake, wale panya wadogo wamekizunguka kifuniko cha soda, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Bwana Kimeu, kwa sauti ya kawaida ya mwalimu anayetoa kazi ya darasani, "Waambie wapakie. Viende hivi vilivyo."

Bwana Kimeu hakungoja abadili nia. Tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi mbili mbili, na sauti yake ikiita gari. Mimi nililia waziwazi, na sikuona haya wala sioni sasa.

Mama Rispa hakugeuka kumtazama meneja akienda. Alingoja Mwalimu amalize chai. Akamwagia maji tena mikononi, akampa kitambaa cha kujipangusia. Ndipo alipovuta kigoda, akakaa mbele yake magoti yakikaribia kugusana, akavua miwani.

"Haya, mwanangu," akasema. "Sasa tuambie. Mlikuwa mmetoka wapi?"